Tangi la Tatu

Matangi ni matatu, nyuma ya ofisi, hapa Kigoma,
kimo changu mara mbili,
yamejazwa maji ya ziwa kwa pampu inayokohoa.
La kwanza liko wazi.
La pili lina karabai juu yake,
inawaka usiku kucha hata mwezi ukiwa mpevu.
La tatu nimelifunika turubai jeusi, tabaka mbili,
nikalikaza kamba kama mzigo wa kwenda Kalemie,
jua lisipate hata tundu la sindano.

Ndani mna wale ambao mama huwaita vumbi.
"Unalipwa kuhesabu vumbi, Butoyi?"
Ndiyo, mama. Vumbi lenye jicho moja jekundu,
vumbi linaloshuka alfajiri kuwakwepa dagaa
na kupanda magharibi kuja kula.
Kwa umbo lile, safari yao ya usiku mmoja huko ziwani
ni kama mimi niende Kasulu kwa miguu, nile,
nirudi kabla hakujapambazuka.

Kila saa nashusha bomba:
nusu mita, mita moja, mita tatu.
Nachuja kwa kitambaa, natia matone ya iodini,
nainamia darubini, nabonyeza kidude cha hesabu:
ta, ta, ta.
Iodini huwatuliza, ndivyo tulivyoandika kwenye ripoti.
Huwaua.
Sijapata namna nyingine ya kuhesabu
kinachokataa kusimama.

Wa tangi la pili wamevurugwa.
Hawako juu, hawako chini,
wanaelea katikati kama abiria wa meli iliyoahirishwa
na hakuna aliyewaambia hadi lini.
Pacha wangu Bukuru angewaelewa.
Karabai ni yake; ziwa limefungwa, samaki wazaliane,
taa ikakosa kazi,
akanikodishia kwa elfu tano kwa wiki
na kila Jumamosi hunipigia, hata salamu hana.

Siku ya tisa ya giza.
Saa kumi na mbili na robo jioni
nikainua pembe ya turubai la tangi la tatu,
tochi nimeivika karatasi nyekundu wasinione,
nikachota juu, juu kabisa.
Ta, ta, ta.
Mia nne na kumi na saba.
Nikachota tena, nikidhani ni macho yangu.
Mia nne na mbili.
Wamepanda.
Siku tisa hawajaliona jua likienda Kongo,
nani kawapigia kengele?

"Turubai lina tundu," alisema Dokta Ntahondi.
Tukalizunguka sote wawili, tukilipapasa
kama watu wanaotafuta pancha ya baiskeli.
Yeye alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya mkutano.
Tundu hatukuliona.
"Basi kesho tena," akasema,
akafunika kalamu.

Nikarudi Kibirizi nimechoka, nikalala na viatu.
Saa tisa za usiku nikasikia kandambili nje.
Saa tisa ndiyo saa ambayo mitumbwi ilikuwa ikirudi,
mama akiwahi kupokea ndoo zake,
miaka thelathini na moja.
Mwezi wa pili sasa mwalo hauna hata harufu.
Nikachungulia: mama na fagio,
anafagia chanja tupu,
taratibu, kutoka pembeni kuja kati,
kama kuna kitu kitamwagwa pale muda si mrefu.

"Mama, ziwa limefungwa."
"Najua. Kwani mimi mjinga?"
Akageuka upande wa pili wa chanja
akaendelea.

Asubuhi nikafungua daftari.
Safu ya tarehe, safu ya kina, safu ya idadi.
Safu ya mwisho, ya maelezo, ni nyembamba,
haiingii maneno mengi.
Nikaandika: *Turubai halina tundu.*
Kisha nikaenda kuongeza kamba,
kwa ajili ya Dokta.